MWANAFUNZI NAYE NI MPANGAJI



Watu wengi wa visiwa hivi hudhani kwamba mzazi akishamfikisha mwanawe katika chuo kikuu cha Uingereza, akamlipia ada na nauli, kazi imekwisha. Haikwisha. Baada ya ada ipo nyumba, na katika mambo ya nyumba ndimo zinamopotelea fedha za karafuu, fedha za kiinua mgongo na fedha za shamba lililouzwa, bila ya mzazi kujua zimeingia mfuko wa nani. Tunaandika juu ya jambo hilo kwa sababu Bunge la Uingereza limetunga sheria mpya ya wapangaji, na tayari wamezuka watu, madalali khasa, wanaoieleza sheria hiyo kwa namna inayowafaa wao wenyewe.

Sheria hiyo ilipata idhini ya Mfalme tarehe 27 Oktoba 2025, na sehemu zake kubwa zihusuzo upangaji ziliwekewa tarehe 1 Mei 2026 kuwa siku ya kuanza. Sehemu hizo zinahusu England peke yake. Vijana waliopo Scotland wana sheria yao iliyoanza Disemba 2017, na waliopo Wales wana yao iliyoanza Disemba 2022. Dalali wa Leeds asimwambie kijana kwamba "sheria ya Uingereza" inasema hivi au vile. Amuulize ni sheria ya wapi na ya mwaka gani.

Tuanze na lililo jema, kwani mpinzani asiyekubali jema la mwenzake huyo si mpinzani bali ni mgomvi. Kwa zaidi ya miaka 30 mwenye nyumba wa England alikuwa na silaha moja kali, nayo ni kifungu cha 21 cha Sheria ya Nyumba ya 1988. Kwa kifungu hicho, muda wa mkataba ukisha, aliweza kumpa mpangaji ilani ya miezi miwili ahame, bila ya kutaja kosa wala sababu. Mpangaji aliyelalamika kwamba paa linavuja au ukuta umeota ukungu aliweza kujibiwa kwa barua ya kuhama. Watu walinyamaza, wakavumilia maji na ukungu. Kifungu hicho sasa kimefutwa. Mwenye nyumba anayetaka nyumba yake hana budi ataje sababu inayokubaliwa na sheria, na mpangaji asipotoka kwa hiari, aende mahakamani akaithibitishe.

La pili lililo jema ni kwamba mikataba ya muda maalumu, ile iliyomfunga mwanafunzi miezi kumi na miwili akae asikae, imeondolewa katika nyumba za kawaida. Upangaji sasa unakwenda mwezi kwa mwezi, na mpangaji akitaka kutoka hutoa ilani ya miezi miwili. Kijana anayemaliza mitihani Juni hana tena lazima ya kulipia Julai na Agosti chumba kitupu. Aliyepatwa na maradhi, au aliyeitwa nyumbani kwa msiba wa mzazi akaacha masomo, habaki tena na deni la mwaka mzima la nyumba asiyoilala.

La tatu, na hili wazee wetu walishike sana, ni khabari ya kodi ya kutanguliza. Mwanafunzi wa kigeni akifika England hutakiwa mdhamini, na mdhamini huyo lazima awe mkaazi wa Uingereza mwenye mshahara. Mtoto wa Wete au wa Makunduchi atampata wapi? Basi desturi ikawa kumwambia: huna mdhamini, lipa kodi ya miezi sita, au ya mwaka, kabla ya kupewa ufunguo. Tutie hesabu. Chumba cha pauni 520 kwa mwezi ni pauni 6,240 kwa mwaka. Mzazi alitakiwa azitoe zote kwa mkupuo mmoja, apeleke kwa mtu asiyemjua, kwa nyumba asiyoiona, na juu yake amana. Nyumba ikiwa mbovu, au mwenyewe akiwa laghai, fedha zimekwisha kwenda. Mpangaji aliyelipa mwaka mzima hana tena la kumwambia mwenye nyumba. Hata kutishia kuhama hawezi.

Sheria mpya imelikata jambo hilo. Kabla ya mkataba kutiwa saini, mwenye nyumba haruhusiwi kutaka wala kupokea kodi yoyote ya kutanguliza. Ukishatiwa saini, na kabla ya upangaji kuanza, anaweza kutaka kodi isiyozidi mwezi mmoja. Amana ilikwisha kuwekewa mpaka na sheria ya 2019: kwa kodi za kadiri hii ni ya wiki tano tu, na fedha ya kushika nyumba ni ya wiki moja. Kwa chumba chetu cha pauni 520, wiki moja ni pauni 120, kwa hiyo amana haipiti pauni 600. Mzazi aliyekuwa akitakiwa pauni 6,840 sasa hatakiwi zaidi ya pauni 1,120 kabla ya mwanawe kuingia. Na amana hiyo haikai mfukoni mwa mwenye nyumba, kwani ni wajibu wake aiweke katika mpango wa hifadhi unaotambuliwa na serikali ndani ya siku 30. Asipofanya hivyo, mahakama inaweza kumtoza mara moja mpaka mara tatu ya amana yenyewe.

Hayo tumeyakubali, tena kwa moyo mkunjufu. Lakini sheria hii ina mlango wa uani, na mlango huo wameuacha wazi makusudi, na anayetolewa kwa mlango huo ni mwanafunzi.

Miongoni mwa sababu mpya za kumtoa mpangaji imewekwa moja iitwayo sababu 4A. Haimtazami mpangaji aliyeharibu nyumba, wala asiyelipa, wala anayewaudhi jirani. Inamtazama mpangaji kwa kuwa ni mwanafunzi. Mwenye nyumba anayepangisha nyumba kwa wanafunzi wa muda kamili, nyumba ya watu watatu au zaidi wasio wa jamaa moja wanaoshirikiana jiko au choo, anaweza kuwatoa wote ili awapangishe wanafunzi wengine. Hana haja ya kuonyesha kosa. Anatakiwa kutoa ilani ya miezi minne, na siku ya kutoka iwe kati ya tarehe 1 Juni na tarehe 30 Septemba.

Tazameni kalenda. Anayetaka nyumba mwanzo wa Juni ataleta ilani mwanzo wa Februari; anayeitaka mwisho wa Septemba ataileta mwisho wa Mei. Yaani barua ya kuhama itamfikia mwanafunzi katika miezi ile ile ya kuandika makala yake ya mwisho na kukaa katika mitihani. Waliotunga sheria waliiona kalenda ya mwenye nyumba. Ya mwanafunzi hawakuiona.

Tena waulizeni: ni mwanafunzi yupi anayeumia kwa sababu hii? Kijana wa Kiingereza ikifika Julai hurudi kwa baba yake na mama yake, hula huko na kulala huko mpaka Septemba. Kwake ilani ya kutoka Juni ni usumbufu wa kubeba mabegi. Mtoto wetu hana nyumba ya baba Manchester. Nauli ya kuja Unguja na kurudi haipo kila mwaka. Wapo wanaosoma shahada za juu ambazo hazijui likizo ya kiangazi, na wapo waliokwenda na wake zao. Hao ndio wenye haja ya kubaki nyumbani mwao miezi hiyo, na hao ndio sheria inaowatoa. Haikuwataja wageni kwa jina, lakini uzito wake unawaangukia wao.

Wenye nyumba wana hoja yao, nasi hatutaificha. Wanasema kwamba nyumba za wanafunzi huenda kwa mzunguko: kundi moja hutoka, jingine huingia Septemba, na mwenye nyumba asipokuwa na hakika ya kuipata nyumba yake, mwanafunzi mpya atakuja akute milango imefungwa. Hoja hii ina chembe ya ukweli. Anayekuja naye ni mpangaji mwenzetu, na huenda naye ni wa kwetu. Lakini itazameni Scotland. Huko kifungu cha kumtoa mtu bila ya sababu hakimo katika upangaji mpya tangu 2017, na hawakuweka sababu maalumu ya kuwatoa wanafunzi. Vyuo vya Edinburgh na Glasgow havikufungwa. Malalamiko ya uchache wa nyumba yapo katika miji hiyo, lakini uchache wa nyumba unalilia kujengwa kwa nyumba nyingine, haulilii mtu atolewe katika ile anayokaa. Na ukweli wa mambo ni kwamba wanafunzi walio wengi huondoka wenyewe masomo yakisha. Sababu 4A haikuwekwa kwa ajili ya wale wanaoondoka wenyewe.

Sasa, kwa kuwa sheria ndiyo hiyo, na sisi hatuna kura katika Bunge lile, lililo juu yetu ni kuijua kuliko anavyoijua dalali. Mlango huo wa uani una masharti, na mwenye nyumba akikosa sharti moja, haupiti. Lazima awe amempa mpangaji, kabla ya upangaji kuanza, tamko la maandishi kwamba huenda akaitaka nyumba kwa sababu hiyo. Kama hakulitoa, hana haki nayo. Basi kijana asiitupe karatasi hata moja aliyopewa siku ya kutia saini, kwani karatasi isiyokuwamo itakuwa ushahidi kama ile iliyomo. Tena sababu hiyo haifanyi kazi katika nyumba ndogo ya wapangaji wawili, na katika mkataba wa pamoja haifanyi kazi ila wote wawe wanafunzi wa muda kamili. Wawili wanaoweza kuchukua nyumba ndogo, kwa kodi isiyowazidi nguvu, wako salama zaidi kuliko watano katika nyumba kubwa.

Lipo jingine, na hili linachekesha kidogo. Kwa miaka mingi madalali wa miji ya vyuo wamekuwa wakiwatisha wanafunzi kila Novemba: tieni saini sasa kwa ajili ya Septemba ijayo, nyumba zinakwisha! Kijana aliyefika juzi, asiyejua mtaa wala wenziwe, alitia saini kwa khofu. Sheria mpya inasema kwamba mkataba ukifungwa zaidi ya miezi sita kabla ya siku ya kuingia, mwenye nyumba hawezi tena kuitumia sababu 4A. Kwa hiyo anayemharakisha mwanafunzi Novemba anajipokonya mwenyewe silaha yake. Hatumwambii kijana atie saini Novemba; tunamwambia tu kwamba haraka hiyo haikuwa yake hata siku moja, na safari hii hata mwenye nyumba haimfai.

Tulisema mkataba wa mwaka umeondoka. Ndani yake umo mwiba ambao vijana wengi hawautazamii. Wanafunzi watano wakitia saini mkataba mmoja wa pamoja, ilani ya mmoja wao inaumaliza upangaji wa wote. Mmoja akigombana na mwenziwe kwa sababu ya sufuria, akaandika barua, baada ya miezi miwili wote watano hawana mkataba. Mwenye nyumba anaweza kuandikiana upya na wanne waliobaki, na anaweza pia kukataa. Basi wanaokaa pamoja waelewane mapema, na ikiwezekana kila mmoja awe na mkataba wa chumba chake.

Juu ya kodi yenyewe, haipandishwi zaidi ya mara moja kwa mwaka, na kwa ilani ya maandishi ya miezi miwili. Mpangaji akiona imezidi bei ya mtaa, ana haki ya kupeleka shauri lake katika baraza la hukumu kabla ya siku ya kodi mpya kuanza. Zamani baraza liliweza kuamua kodi kubwa kuliko aliyoitaka mwenye nyumba, na hilo likawatia watu woga wa kwenda. Sasa haliwezi kupita kiwango alichokitaka mwenyewe, wala kodi mpya haihesabiwi kwa kurudi nyuma. Na nyumba ikitangazwa kwa kodi kadhaa, ni makosa kwa mwenye nyumba au dalali kupokea zaidi, hata kama mpangaji ndiye aliyejipendekeza. Mnada wa vyumba umepigwa marufuku. Halmashauri ya mji inaweza kumtoza anayevunja amri hizi mpaka pauni 7,000, na makosa mazito au ya kurudiwa mpaka pauni 40,000.

Sasa tufike kwa wale wakubwa, ambao magazeti ya mjini hayawataji. Katika kila mji wa chuo wa England yamesimama maghorofa marefu yaliyojengwa makusudi kwa ajili ya wanafunzi, ya kampuni na mifuko ya fedha, mengine ya wenye mali wasiokanyaga mji ule. Majumba hayo, yakiwa chini ya kanuni za mwenendo zinazokubaliwa na serikali, yametolewa nje ya mpango mpya wa upangaji. Humo mkataba wa mwaka mzima ungali unafunga. Humo ilani ya miezi miwili ya mpangaji haimo. Humo katazo la kodi ya kutanguliza haliwagusi. Mwenye nyumba mmoja aliyerithi kibanda cha shangazi yake amefungwa na sheria. Kampuni yenye vitanda maelfu na mawakili wake imesamehewa.

Hebu liunganisheni hili na khabari ya mdhamini. Mwenye nyumba wa kawaida, akizuiliwa kuchukua kodi ya mwaka, atashikilia mdhamini wa Uingereza, maana sheria haikumkataza kumtaka. Mtoto wetu hana. Atakwenda wapi? Atasukumwa kwenye ghorofa la kampuni, ambako kodi ya kutanguliza ingali halali na mkataba wa mwaka ungali hai. Kwa hivyo sheria iliyotungwa kumwokoa na kodi ya mwaka itamrudisha kwenye kodi ya mwaka, kwa njia ndefu zaidi na kwa bei ya juu zaidi. Hapa ndipo penye dhulma. Vipo vyuo vinavyokubali kuwadhamini wanafunzi wao wenyewe, na zipo kampuni zinazouza udhamini kwa ada. Mzazi aandike chuoni, kabla ya kulipa ada ya kwanza, aulize: je, mtamdhamini mwanangu katika nyumba? Chuo kinachopokea maelfu ya pauni kutoka kwa mgeni kisha kikashindwa kusema kwamba kinamjua, kijibu hivyo kwa maandishi.

Na yule anayekaa chumba katika nyumba anamoishi mwenye nyumba mwenyewe, naye ajue kwamba ulinzi huu haumhusu. Wengi wa vijana wetu wanakaa hivyo, kwa jamaa au kwa mtu wa nyumbani. Ihsani ni jambo zuri, lakini waandikiane.

Kabla hatujawanyooshea vidole wenye nyumba wa Leeds na Birmingham, tujitazame. Hapa Unguja kijana wa Pemba anayekuja kusoma hutakiwa kodi ya miezi sita, pengine ya mwaka, bila ya mkataba wala stakabadhi, na anayemtaka fedha hizo huenda amekaa nasi mkutanoni mstari wa mbele. Tunamjua, naye anajijua. Halafu mtoto wake akitendewa hayo hayo ng'ambo ya bahari, huja tawini kulia.

Wala tusidhani kwamba mambo ya kodi ni mageni kwetu. Watu wa Ng'ambo waliomiliki vibanda vyao lakini hawakumiliki ardhi chini yake, walipopandishiwa kodi ya viwanja katika miaka ya 1920, walikubaliana kutolipa. Mwaka 1928 mgomo wao uliilazimisha serikali ya wakati ule kuleta amri ya kuzuia kodi za viwanja. Hawakuwa na mawakili. Walikuwa na khabari, kila mtaa ukijua mtaa wa pili umeamua nini, na mkusanya kodi alipobisha mlango wa kwanza akakataliwa, hakupata tofauti katika mlango wa kumi. Mwanafunzi aliye peke yake chumbani Coventry amekosa kitu hicho hasa.

Kwa hiyo tunawaambia vijana hivi. Asitoke mtu katika nyumba kwa barua peke yake. Ilani ni mwanzo wa jambo tu. Hakuna mwenye nyumba aliye na ruhusa ya kumtoa mpangaji wa namna hii bila ya amri ya mahakama, na anayebadilisha kufuli au kutupa mizigo nje anafanya kosa la jinai kwa sheria ya 1977. Barua ikifika, ipelekwe siku ile ile kwa ofisi ya ushauri ya chama cha wanafunzi cha chuo, au kwa jumuiya ya Shelter, ambao hawatozi kitu. Wenye nyumba wanaovunja sheria kwa makosa fulani wanaweza kuamriwa kumrudishia mpangaji kodi ya mpaka miezi 24. Kodi ilipwe kwa njia ya benki, isilipwe mkononi. Na mwenye nyumba akisema, "Sheria inanikataza kukutaka kodi ya mwaka, lakini wewe ukipenda mwenyewe…", kijana ajibu kwamba hapendi.

Makatibu wa matawi wanaombwa waisome karatasi hii mbele ya wazazi wenye watoto waliopata nafasi za masomo kwa mwaka ujao, na wampatie kila mzazi nakala kabla hajapeleka fedha yoyote. Mwenye mtoto aliyekwisha kupewa ilani ya sababu 4A, alete nakala ya ilani na ya mkataba tawini, na aseme kama tamko la maandishi lilitolewa au halikutolewa kabla ya mwanawe kuingia nyumbani.